Kichwa Kilichonyolewa na Dawa

Mume wangu aliwahi kuliliwa Kawangware akiwa hai, mzima wa afya, anapikia watu maharagwe kwenye kambi ya barabara huko kaskazini. Waliomlilia hawakuwa wamemwona hata siku moja. Lakini walimlilia vizuri, kwa sukari na majani ya chai na maombi marefu, nami mkewe nikiwa nimekaa katikati yao nalia kuliko wote. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Siku hizi nikimtania kwamba ni wanaume wachache wanaojua mapema watakavyoliliwa, hunijibu kwamba safari ijayo waongeze nyama.

Yote yalitokana na kichwa changu, kwa hiyo nianzie huko.

Tulikuwa tunakaa Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, ambako watu wa ziwa tulikuwa tumejirundika mlango kwa mlango mpaka ukipiga chafya jirani anakuombea. Mume wangu alikuwa mpishi wa kambi za barabara, akiwa nyumbani siku chache halafu haonekani kwa muda mrefu. Mimi nilikaanga samaki mlangoni kila jioni. Sijisifu bure, samaki wangu walikuwa wakali, na walionunua kwangu walikuwa wakila palepale wamesimama wakinilaumu kwamba nimewachomesha vidole.

Kisha nikaota uvimbe shingoni, chini ya taya, mdogo kama harage, wala hauumi. Sikuujali. Ukakua, ukaleta wenzake, mpaka gauni la kanisani likawa halifungiki kwenye ukosi. Usiku nililowesha shuka kwa jasho, na mwili ukawa unakwisha kama sabuni. Wakwe zangu walisema ni chira, ile laana inayompata aliyevunja mwiko wa nyumbani, wakakaa kikao cha kukumbuka ni mwiko upi niliovunja. Walipata mingi. Hospitali kuu wakanikata kipande cha uvimbe wakakipima, na daktari akasema ni kansa ya tezi.

Majirani wa Kisumu Ndogo hawakuwa watu wabaya. Waliogopa tu. Mama mmoja aliyenunua kwangu kila siku ya Mungu alinitumia salamu kwamba nyumba yao nzima imeacha samaki, tumbo limewakataa. Jioni ileile nikamwona anapita na samaki wa muuzaji mwingine, amemfunga kwenye gazeti, anatembea upesi akiangalia chini. Walidhani ugonjwa unapita kwenye mafuta. Siku nyingine nilimpa mtoto wa mlango wa pili kipande cha mkia, bure, mama yake akakitwaa mkononi mwake akakitupa mtaroni, kisha akaniangalia akaona aibu. Nikazima jiko. Tangu hapo nikawa na hofu kubwa kuliko ile ya kufa: kwamba nitapona, nitaishi, na hakuna mtu atakayekula tena kitu kilichopita mikononi mwangu.

Binti yetu mdogo tulimpeleka kwa mama yangu, kule ziwani. Nilimwambia ni likizo. Mimi nikaingia wodi ya wanawake.

Sitaki kusimulia mengi ya wodi. Walinidunga dawa kwenye mshipa, natapika, napumzika, wananidunga tena. Asubuhi moja nilinyanyua kichwa na nywele zangu zikabaki kwenye mto. Zilizosalia nikazivuta mwenyewe kwa vidole, zikatoka kama manyoya ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Nyusi nazo zikaondoka. Muuguzi alinipa kioo nikamrudishia. Sikulia. Nilikuwa nimeamua kwamba nikianza kulia sitajua pa kuishia, na kulikuwa na wagonjwa wenzangu waliohitaji kulala.

Baada ya miezi mingi daktari alinipapasa shingo, akapapasa kwapa, akatabasamu. Akasema uvimbe umekwisha. Nitakuwa nakuja kupimwa mara kwa mara, lakini sasa niende nyumbani nikaishi. Alilitamka neno hilo kuishi kwa wepesi sana, na nywele zake nyingi kichwani. Nilimshukuru, nikatoka nje kwenye jua, nikasimama kwenye ngazi nisijue nianzie wapi.

Kisumu Ndogo sikuweza kurudi. Binamu yangu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika mtaa wa matajiri ulio karibu na Kawangware, akanitafutia chumba Kawangware kwenyewe, upande unaoitwa Kongo, kwenye ploti ya mama mmoja Mkikuyu. Vyumba vya mabati vilitazamana, ua katikati, mfereji mmoja pembeni, na nyuma ya ua mgomba, mahindi kidogo na ng'ombe mmoja. Mwenye ploti alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, hacheki ovyo, na kitambaa chake kichwani hakikuwahi kulegea. Kiti chake kilikuwa kando ya mlango wa kuingilia, na hapo ndipo alipomenyea viazi na kuchambulia minji, akimwona kila anayeingia na kila anayetoka. Alimuuliza binamu yangu mimi ni mtu wa namna gani. Binamu, kwa kunificha, akamwambia tu kwamba nimepitia makubwa na ninataka kukaa kimya.

Mume wangu alikuwa kambini. Nilimpelekea habari kwa dereva wa lori lao kwamba nimetoka na kwamba nimehamia Kawangware, aulizie ploti yenye ng'ombe upande wa Kongo.

Nikaingia kwenye chumba kile na kitanda, masufuria mawili na kitambaa kichwani. Asubuhi ya kwanza nilikwenda mferejini kuchota maji. Nilipoinama kunyanyua ndoo, mikono bado haina nguvu, kitambaa kikateleza kikaangukia kwenye maji. Wanawake watatu walikuwa hapo wakifua. Kelele zikakatika. Nikasimama na kile kichwa changu, kinang'aa, hakina hata unyoya, nikangoja waanze kusogeza mabeseni yao.

Hawakusogeza. Mmoja wao, mama wa Kiluhya aliyekaa mlango unaotazamana na wangu, aliokota kitambaa, akakikamua, akanirudishia kwa mikono miwili. Halafu akaichukua ndoo yangu akanipelekea mpaka ndani. Nilishangaa sana. Nikajiambia, huenda Kawangware hawajasikia habari za kansa.

Jioni wakaja. Walikuja wote wa ploti, wamevaa leso vizuri, mwenye ploti mbele. Mmoja ana sukari, mwingine majani ya chai, mwingine mkungu mdogo wa ndizi. Wakakaa kitandani, wakakaa sakafuni, wakanyamaza. Mama wa Kiluhya akanishika mkono akasema, "Pole sana, mama. Mungu ndiye anajua." Kisha wakainamisha vichwa, na yeye akaomba. Aliombea nguvu zangu, akaombea watoto kama ninao. Halafu akamwomba Mungu ampokee mzee wa nyumba hii na amlaze mahali pema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mwanamke akifiwa na mume hunyolewa kichwa, na kwa Waluhya vilevile, na wale wamama wa Kikuyu na Kikamba nao walilijua hilo kutoka kwa bibi zao. Walikuwa wameona mwanamke mgeni, peke yake, amekonda, nguo imefifia, kichwa upara. Mtu amepitia makubwa, anataka kukaa kimya. Walihesabu wakapata jibu moja, na mtu yeyote wa huko kwetu angepata lilelile.

Nilifungua kinywa niwaambie hapana. Badala ya neno, kilio kikatoka. Kile nilichokifungia wodini chote kilitoka siku hiyo, kwa sauti ambayo sikujua kama ni yangu. Nililia nywele, nikalia shingo, nikamlilia mwanangu aliyeko kwa bibi yake na samaki wa mtaroni. Wanawake wale wakanizunguka wakalia nami. Mama wa Kiluhya alinilaza kichwa kwenye paja lake, akawa anakipapasa kile kichwa kwa kiganja, taratibu, kama unavyopapasa cha mtoto mchanga. Hakuna mtu aliyekuwa amenigusa kichwa tangu nywele zitoke.

Walipoondoka, nilijiona kama mtu aliyekula sahani iliyoandikiwa mwingine. Lakini nililala vizuri.

Mtu aliyefiwa haulizwi maswali. Atasimulia mwenyewe siku moyo utakapompa nafasi, na mpaka siku hiyo watu hukaa naye tu. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza mume wangu alikufa kwa nini, wala wapi, wala lini. Wakapanga zamu ya kunichotea maji. Mmoja akaniletea uji wa wimbi asubuhi, mwingine supu ya matumbo, na mwenye ploti akawa ananiwekea maziwa ya ng'ombe wake kwenye kikombe cha bati, anakitua mlangoni na kuondoka kabla sijasema asante. Nililishwa. Nikanenepa kwa msiba usiokuwa wangu.

Msifikiri sikujaribu kuwaambia. Wiki haikuisha nilimwambia mama wa Kiluhya, waziwazi, kwamba mume wangu ni mzima, ni mpishi wa kambi, na mwisho wa mwezi atakuja. Aliniangalia kwa huruma mpaka macho yakamjaa maji. Akaniambia hata dada yake alisema hivyohivyo, alimpikia marehemu ugali kwa muda mrefu, ni kawaida, itapita. Nikajaribu tena kwa mama wa Kikamba. Kuanzia jioni hiyo wakaacha kunikalisha peke yangu. Kila nikigeuka kuna mtu mlangoni na sindano na uzi, ati amekuja kushona, macho kwangu.

Ningeweza kuwanyamazisha kwa neno moja. Ningesema, nywele zimetolewa na dawa ya kansa, na wangeamini papo hapo. Neno lenyewe ndilo lililonishinda. Nilishaona linavyofanya kazi. Nikitazama vile vikombe vya uji vinaingia na kutoka chumbani kwangu, vinaoshwa pamoja na vyao kwenye beseni moja, nililimeza. Wala mimi sikupika cha kumpa mtu. Mfiwa hapiki, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, nami nikashukuru kwamba sina haja ya kujua kama wangekula.

Nywele zikaanza kurudi. Zilikuja laini, za kijivujivu, hazifanani na zile za zamani. Nilizishika usiku na mchana kama mtu aliyeokota kitu asichoamini ni chake. Daktari alikuwa ameniambia niishi, lakini mimi sikuwa nimethubutu hata kusema mwezi ujao. Sikuwa nimetuma mtoto aletwe, kwa sababu sikutaka aje kuniona nikifa. Sasa, nikipapasa yale majani mapya, nikawa najiuliza kama viatu vya mtoto vimeshambana.

Mume wangu alifika Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa ndani, nimejilaza. Nilisikia kwanza sauti ya mwenye ploti.

"Unatafuta nani?"

Nikasikia sauti ya mwanamume ikisema kwamba anatafuta mke wake, mama aliyehamia hapa kutoka Kibera.

"Huyo mama hana bwana. Bwana yake alikufa. Wewe ni nani yake?"

Halafu mume wangu, ambaye alikuwa amesafiri juu ya lori siku nzima na usiku, vumbi mpaka kwenye kope, akasema kwa upole, "Mama, mimi ndiye bwana yake. Nilikufa lini?"

Wakati natafuta kitambaa wanawake walikuwa wameshatoka vyumbani. Wao walishajua huyu ni nani. Huyu ni ndugu wa marehemu, ametumwa na ukoo aje amrithi mjane, kama desturi ya watu wa ziwa inavyosema. Na walikuwa wamekasirika. Mama wa Kiluhya alishika mwiko wa kusongea ugali. Mwenye ploti alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Hata nywele haijamea, na umekuja kurithi yeye? Huna haya? Rudi kwenu. Kuja mwaka ingine."

Mume wangu aliweka mfuko wake chini. Hakupandisha sauti. Alisema haondoki. Wakamsukuma, akarudi palepale. Akasema wamwite mwanamke mwenyewe, na kama atasema hamjui, atakwenda. Akasema ametoka mbali kuja kumwona mtu aliyekuwa mgonjwa, na hata wakimfungia mlango atakaa hapo nje mpaka kuche.

Nilitoka bila kitambaa. Nikapita katikati yao, nikamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya hata siku ya harusi. Aliniangalia kichwani. Wodini alikuwa ameniona mara ya mwisho nywele zikiwa zingalipo. Akaniwekea kiganja utosini.

Nikawageukia wale wanawake. Nikawaambia, "Huyu ndiye mume wangu. Hajafa. Mimi ndiye niliyekuwa nikifa. Nilikuwa na kansa, hii hapa, shingoni. Nywele zilitolewa na dawa."

Mama wa Kiluhya alishusha mwiko, akautazama kama haujui. Mmoja akamvuta mtoto wake karibu na leso. Mwenye ploti alimtazama mume wangu kwa muda, kuanzia viatu mpaka kofia, na uso wake ukabadilika kwa namna nisiyoielewa. Akageuka akaingia kwake, akafunga mlango. Kiti kikabaki kitupu kando ya lango, na bakuli la minji chini yake.

Jioni hiyo uji haukuja. Kikombe cha bati hakikuwekwa. Mume wangu alipika ugali, kwa maana ni mpishi, tukala wawili. Akaniuliza kama amlete mtoto, kwa kuwa mama yangu alimtumia habari kwamba mtoto hata kulala halali akiniulizia. Nilimwambia angoje. Sikujua hata kama tutakuwa na pa kulala wiki ijayo. Nilikuwa nawaza mtaa mwingine, kichwa kingine cha kuficha, na nikajisikia mchovu kuliko nilivyowahi kuwa wodini.

Asubuhi, kabla ya watu kwenda kanisani, mlango wangu ukagongwa. Ni mwenye ploti. Nilidhani amekuja kuniambia nihame, nikaanza kumwomba radhi. Akaniambia ninyamaze, akamwomba mume wangu kwa adabu atoke nje kidogo. Akakaa kitandani. Mkononi alikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake, na beseni dogo la maji.

Hapo ndipo aliponisimulia, na sijui kama alikuwa amemsimulia mpangaji yeyote kabla yangu. Wakati wa Emajensi, Waingereza walipokuwa wakiwasaka Mau Mau, askari walikuja na lori alfajiri, wakamchukua mume wake hapohapo kwenye lango, bado anafunga mkanda. Hakumwona tena. Kambi za kizuizini zilipofungwa wanaume wengine walirudi, wengine wamekonda kiasi kwamba wake zao hawakuwatambua. Wake hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema amekufa, wala aliyesema yuko hai. Mwanamke hanyoi mpaka ajue siku ya kunyoa, na siku hiyo hakuna aliyempa. Kwa hiyo akaweka kiti kando ya lango, akakaa.

"Mimi nimengoja mtu aambiwe hapo kwa lango amekufa, na akatae," alisema. "Miaka yote hiyo. Jana akakuja. Akawa wako."

Nilimshika goti.

"Lakini nimeona," akaendelea. "Nimeona vile mtu ako hai anafanya. Tulimsukuma, akarudi. Mtu ako hai hazuiliwi na mabati. Wangu angekuwa hai, angekuwa alirudi. Hata kama ni kutambaa."

Akafungua kitambaa. Kwa mara ya kwanza nikaona nywele zake, ndefu, nyeupe zote, zimesukwa mistari midogo iliyobanwa kichwani kwa uangalifu. Akanipa wembe. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba labda amwite mtu mwingine, kwa sababu mimi, kama nilivyosema jana, nilikuwa na ule ugonjwa.

"Nilisikia. Mimi si kiziwi," akasema. "Wewe unajua kichwa bila nywele iko aje. Ninyoe."

Nikanyoa. Nilifumua mistari kwanza, mmoja baada ya mwingine, nikalowesha, nikashika utosi wake kwa mkono wa kushoto. Nilikumbuka jinsi mama wa Kiluhya alivyonipapasa, nami nikampapasa hivyohivyo. Alilia kidogo tu. Alikuwa analia kwa Kikuyu, akimsemesha mtu, na sikuhitaji kuelewa maneno. Nilipomaliza, nilimfuta kwa kanga yangu. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, akashusha pumzi ndefu, akasema kwamba ni baridi. Nikamwambia unazoea.

Alitoka ua mzima ukiwa unamtazama, kichwa wazi, akapita hadi kwenye kiti chake akakiinua na kukiingiza ndani. Haikuhitajika mtu kueleza. Kufikia alasiri habari ilikuwa imeshafika mlango kwa mlango, na watu wakaanza kuja, wapangaji na wengine wa ploti za jirani waliokuwa wakimjua tangu zamani, wazee wa kanisa lake, wanawake waliobeba sukari. Nyumba ikajaa mpaka nje. Wanaume wakakaa kwenye mawe uani, na mume wangu, marehemu wa mwezi huo, akakaa pamoja nao akimwombolezea mwenzake.

Mfiwa hapiki, na kila mmoja alikuwa akimwangalia jirani yake nani atawasha jiko. Nilisimama. Sikujiuliza, maana ningejiuliza nisingesimama. Nikaleta jiko langu uani mbele yao wote, nikaweka sufuria yangu kubwa, nikamkamua ng'ombe mwenyewe, nikachemsha chai ya maziwa na tangawizi. Nilisikia mazungumzo yakipungua nyuma ya mgongo wangu. Nikamimina vikombe, nikavipanga kwenye sinia, nikaingia navyo ndani.

Nilianza kwa mwenye ploti. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa funda kubwa huku ananitazama usoni. Halafu nikasimama mbele ya mama wa Kiluhya. Tangu jana hakuwa amenisemesha. Aliangalia kikombe, akaniangalia shingo, waziwazi, mahali palipokuwa na uvimbe na sasa pana kovu tu. Nilingoja. Sinia lilikuwa zito, lakini nilingoja.

"Ungetuambia," akasema.

"Niliogopa."

Akachukua kikombe. Alipokwisha kuonja alilalamika kwamba sukari haitoshi, na yule aliyekaa kando yake akanyoosha mkono bila kungoja sinia lifike. Likapita. Nikatoka uani nikawapa wanaume, nikampa mume wangu, nikamwambia kwamba akitoka tena kambini apitie kwa mama yangu, mtoto aje. Nilisema mwezi ujao. Nilitamka hivyo kwa sauti, mbele za watu, na Mungu anajua nilivyomshukuru kwa kila mdomo uliokuwa kwenye kikombe pale.

Nilirudi kwenye jiko kupangusa macho, nikijifanya ni moshi. Nikasikia sauti kutoka ndani ikiuliza kama chai imebaki.